Kigawo, Kigawe na Namba Tasa: Jinsi ya Kujua Swali Linataka Nini

Herufi moja tu inatenganisha kigawo na kigawe, na herufi hiyo imewapotezea watu alama nyingi kuliko kugawanya kwa makosa. Nimesahihisha madaftari ya kutosha kuliona kosa lile lile likijirudia. Mwanafunzi anaulizwa KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) ya 8 na 12, anaandika 24. Hesabu yake ni safi, hakuna tarakimu iliyokosewa, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa. Hiyo 24 ni KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika). Ukimuuliza imekuwaje, anakwambia, "Si wamesema kikubwa?"

Hana makosa sana. Majina yenyewe yanadanganya. Kigawo Kikubwa cha Shirika huwa namba ndogo, na Kigawe Kidogo cha Shirika huwa namba kubwa. Anayefuata neno "kikubwa" au "kidogo" bila kulitazama neno lililotangulia atapotea kila mara. Kwa hiyo tutaanza na maneno yenyewe, ndipo tuje kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Sikiliza irabu ya mwisho

Kiswahili kimeshakusaidia hapa, ni vile tu hatukisikilizi. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mtume ni aliyetumwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Ile -e ya mwisho inamtaja aliyetendwa. Sasa chukua kizibo, kifuniko, ufagio: hivi ni vya kuzibia, vya kufunikia, vya kufagilia. Ile -o inataja chombo cha kutendea kazi.

Basi kigawe ni kinachogawanywa, na kigawo ni cha kugawia.

Tazama 6 × 7 = 42. Namba 6 na 7 ni vigawo vya 42, kwa sababu zote mbili zinaigawa bila kubakiza kitu. Namba 42 ni kigawe cha 6, tena ni kigawe cha 7. Uhusiano ni mmoja, kama wa mzazi na mtoto: jina linabadilika kulingana na unayemtazama. Ndiyo maana sentensi "6 ni kigawo" haijakamilika. Kigawo cha nini? Hiyo hiyo 6 ni kigawo cha 42 na ni kigawe cha 3.

Mambo mawili ya kushika kabla hatujaendelea. Vigawo vya namba vina mwisho, na hakuna kinachoizidi namba yenyewe: vya 10 ni 1, 2, 5 na 10, basi. Vigawe havina mwisho, na kidogo kuliko vyote (ukiiacha 0, ambayo hatuihesabu kwenye KDS) ni namba yenyewe: 10, 20, 30, 40, na kuendelea hadi uchoke. Vigawo viko chini, vigawe viko juu.

Hatua ya 2: Orodhesha vigawo kwa jozi

Ukiambiwa utaje vigawo vya 60, usianze kuvitafuta kimoja kimoja hadi 60. Utachoka na utaruka kimoja, mara nyingi 12 au 15. Kila kigawo kina mwenzake, kwa hiyo vishike viwili viwili:

1 × 60
2 × 30
3 × 20
4 × 15
5 × 12
6 × 10

Jaribu 7: inabakiza. Jaribu 8: inabakiza, lakini pia 8 × 8 ni 64, ambayo imeshaizidi 60. Hapo simama. Kigawo chochote kikubwa zaidi ya hapo lazima mwenzake awe mdogo, na wadogo wote umeshawataja. Sasa soma safu ya kushoto ukishuka, kisha ya kulia ukipanda: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30, 60. Vigawo 12.

Kwa namba nyingi idadi ya vigawo huwa shufwa, kwa kuwa vinakuja wawili wawili. Isipokuwa pale mtu anapojioa mwenyewe. Vigawo vya 36 ni 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, halafu 6 × 6. Ile 6 inahesabiwa mara moja tu, na jumla inakuwa 9, namba witiri. Hili hutokea kwa vipeo vya pili pekee: 1, 4, 9, 16, 25 na ndugu zao. Liweke akilini, litarudi mwishoni.

Hatua ya 3: Jua namba inagawanyika bila kuigawanya

Kwa 2, 5 na 10 kila mtu anatazama tarakimu ya mwisho. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho: 7,316 inagawanyika kwa 4 kwa sababu 16 inagawanyika. Kwa 3, jumlisha tarakimu zote: jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika. Kwa 9 ni hivyo hivyo, ila jumla igawanyike kwa 9.

Hii ya 3 watu huikariri kama uchawi, na mtu aliyekariri uchawi huusahau siku ya mtihani. Itazame kwa karibu. Chukua 471. Hiyo ni mia 4, makumi 7 na mamoja 1. Sasa, kila mia ni 99 na 1 ya ziada. Kila kumi ni 9 na 1 ya ziada. Kwa hiyo

471 = (4 × 99) + (7 × 9) + 4 + 7 + 1

Mafungu mawili ya mwanzo yanagawanyika kwa 3 hata ukiwa umelala. Kilichobaki cha kuchunguza ni 4 + 7 + 1, yaani 12. Inagawanyika, basi 471 nayo inagawanyika: ni 3 × 157. Na kwa kuwa 99 na 9 zinagawanyika kwa 9 pia, kanuni ya 9 imetoka humo humo.

Kwa 11, toa na kujumlisha kwa kupokezana. 2,728 inakuwa 2 − 7 + 2 − 8, jibu ni −11. Ukipata 0 au kigawe chochote cha 11, kiwe hasi au chanya, inagawanyika. Kwa 7 zipo kanuni, lakini ushauri wangu ni ugawanye tu. Kanuni zake zinachukua muda ule ule na ni rahisi kuzichanganya.

Mtego mmoja hapa. Namba ikigawanyika kwa 2 na kwa 3, inagawanyika kwa 6. Sawa. Je, ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, inagawanyika kwa 24? Hapana. Namba 12 inagawanyika kwa zote mbili, na haiwezi kugawanyika kwa 24. Mbinu ya kuunganisha inafaa pale tu ambapo zile namba mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Zile 4 na 6 zinachangia 2, na hiyo 2 umeihesabu mara mbili.

Hatua ya 4: Zijue namba tasa

Tasa, kwa Kiswahili cha kawaida, ni asiyezaa. Aliyelichagua neno hili kwa ajili ya namba alikuwa na jicho: namba tasa haitoi vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe. Kwa maneno makini zaidi, ni namba yenye vigawo viwili tu kamili. Sisitiza "viwili", maana ndivyo unavyojibu swali la kizushi kuhusu 1. Namba 1 ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo si tasa. Na 2 ina viwili, kwa hiyo ni tasa, shufwa pekee katika kundi zima.

Njia nzuri ya kuzipata hadi 100 ni ile ya Eratosthenes, aliyezaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, na akaja kuisimamia maktaba ya Alexandria, Misri, katika karne ya 3 Kabla ya Kristo. Inaitwa chekeche, na ndivyo ilivyo hasa: unapepeta, makapi yanatoka, punje zinabaki.

Andika 1 hadi 100 katika mistari ya kumi kumi. Kata 1. Zungushia 2 duara, kisha kata vigawe vyake vyote vingine: 4, 6, 8, hadi 100. Namba ya kwanza isiyokatwa baada ya hapo ni 3. Izungushie, kata 6, 9, 12 na kuendelea. Nyingine utazikuta zimekatwa tayari. Inayofuata ni 5. Inayofuata ni 7. Ukifika 7 utaona jambo la ajabu kidogo: karibu vigawe vyake vyote vimeshaondoka, na kalamu yako itakata tatu tu mpya, 49, 77 na 91. Baada ya hapo inakuja 11, lakini 11 × 11 ni 121, nje ya ukurasa. Kazi imekwisha. Zote zilizobaki ni tasa:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97

Ni 25. Zikariri, wala usione aibu. Zinaokoa muda kama jedwali la kuzidisha. Pamoja nazo, zikariri namba nne zinazojifanya tasa: 51 (3 × 17), 57 (3 × 19), 87 (3 × 29) na 91 (7 × 13). Hiyo 91 ndiyo laghai mkubwa, ya mwisho kabisa kukatwa kwenye chekeche. Tatu za kwanza zinaumbuliwa na jumla ya tarakimu, 91 haiumbuliwi na chochote isipokuwa kugawanya kwa 7.

Kwa namba zilizozidi 100, kipimo ni kile kile cha kusimama mapema. Je, 223 ni tasa? Kwa kuwa 15 × 15 ni 225, huna haja ya kujaribu kitu kuanzia 15. Jaribu tasa zilizo chini yake tu. Si shufwa. Jumla ya tarakimu ni 7, basi 3 imetoka. Haiishii na 0 wala 5. Kwa 7: 7 × 31 ni 217, zinabaki 6. Kwa 11: 220, zinabaki 3. Kwa 13: 13 × 17 ni 221, zinabaki 2. Hakuna iliyofanikiwa, 223 ni tasa. Na njiani umeokota kwamba 221 si tasa, ingawa kwa sura zinafanana kama mapacha.

Kuna watu hukwambia kwamba kila tasa kubwa kuliko 3 imekaa jirani na kigawe cha 6, ama moja kabla ama moja baada. Ni kweli. Ila usiigeuze: 25 na 35 nazo ni majirani wa vigawe vya 6, na si tasa.

Hazina mwisho, kwa taarifa yako. Euclid, mwanahisabati Mgiriki, alilithibitisha hilo takriban mwaka 300 KK. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa yenye tarakimu 41,024,320, nayo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha ukatoa 1. Kwenye mtihani haitatokea.

Hatua ya 5: Vunja namba mpaka tasa

Kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama inavunjika ikawa tasa zilizozidishwa, na kwa namna moja tu. Anza unapotaka, utaishia pale pale. Namba 360 mmoja atasema 36 × 10, mwingine 4 × 90, na wote watafika hapa:

360 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5

Hapa ndipo sababu halisi ya kuinyima 1 cheo cha utasa inapoonekana. Tungeikubali, tungeweza kuandika 360 ikiwa na 1 moja, au kumi, au elfu, na ile "namna moja tu" ingekufa.

Kwenye daftari, gawanya kwa tasa ndogo kwanza na umalizane nayo kabla ya kwenda nyingine: 360, 180, 90, 45 kwa kutumia 2, kisha 15, 5 kwa kutumia 3, kisha 1 kwa kutumia 5. Usiruke kwenda 5 kwa sababu umeona 0 mwishoni. Hutakosea jibu, lakini utapoteza mpangilio, na mpangilio ukipotea ndipo 2 moja inaposahaulika.

Ukiisha kuvunja, idadi ya vigawo unaipata bila kuvitaja. Katika 360 kuna 2 tatu, 3 mbili na 5 moja. Kigawo chochote kinaweza kubeba 2 ngapi? Hakuna, moja, mbili au tatu: njia 4. Ngapi za 3? Njia 3. Ngapi za 5? Njia 2. Basi 4 × 3 × 2 = 24. Yaani ongeza 1 kwa kila idadi, kisha zidisha. Ijaribu kwa 60, iliyo 2 × 2 × 3 × 5: inakuwa 3 × 2 × 2 = 12, zile zile tulizoorodhesha kwa jozi.

Hatua ya 6: Tafuta KKS na KDS

Sasa shirika, yaani kinachomilikiwa kwa pamoja. Chukua 84 na 120.

84 = 2 × 2 × 3 × 7
120 = 2 × 2 × 2 × 3 × 5

Kwa KKS, chukua zile tu ambazo namba zote mbili zinazo. Zote zina 2 mbili (ya tatu ni ya 120 peke yake) na 3 moja. KKS ni 2 × 2 × 3 = 12.

Kwa KDS, unatafuta namba ambayo 84 na 120 zote zinaingia ndani yake, kwa hiyo kila moja lazima ikute mali yake yote humo. Ile 120 inataka 2 tatu, basi weka tatu. Zinaitosha na 84 pia. Weka 3 moja, 5 moja, 7 moja. KDS ni 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 7 = 840.

Sasa kagua kwa macho kabla ya kitu kingine: KKS haiwezi kuizidi namba ndogo uliyopewa, na KDS haiwezi kupungua chini ya namba kubwa uliyopewa. Hapa 12 iko chini ya 84, na 840 iko juu ya 120. Ukaguzi huu unachukua sekunde mbili na ungemuokoa yule wa 8 na 12.

Kuna ukaguzi wa pili: KKS × KDS ni sawa na namba mbili zikizidishwa. 12 × 840 = 10,080, na 84 × 120 = 10,080. Lakini ni kwa namba mbili tu. Wengi huupeleka kwenye namba tatu na hapo unavunjika. Jaribu 4, 6 na 10: KKS ni 2, KDS ni 60, ukizizidisha ni 120, wakati 4 × 6 × 10 ni 240.

Namba zikiwa kubwa na zimekaa vibaya, achana na kuvunja. Tuseme umepewa 1,147 na 899. Utazigawanya kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13... na utakata tamaa. Euclid ana njia nyepesi: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawanya ile ndogo kwa baki, na kuendelea.

1,147 ÷ 899, baki 248
899 ÷ 248, baki 155
248 ÷ 155, baki 93
155 ÷ 93, baki 62
93 ÷ 62, baki 31
62 ÷ 31, baki 0

Baki ya mwisho kabla ya 0 ndiyo KKS: 31. Inafanya kazi kwa sababu chochote kinachozigawa namba mbili bila kubakiza kitaigawa na tofauti yao vile vile. Kwa hiyo unapunguza namba bila kukipoteza kigawo cha pamoja. Binafsi naipenda kuliko ya kuvunja, na sioni kwa nini inafundishwa kwa nadra.

Matumizi ya haraka: kujumlisha sehemu. 5/84 + 7/120. Asili ya pamoja ni KDS, 840. Inakuwa 50/840 + 49/840 = 99/840. Kurahisisha ni kazi ya KKS: 99 na 840 zinachangia 3, jibu 33/280. Aliyezidisha asili zenyewe angepata 10,080 chini, na angefika hapo hapo akiwa hoi.

Hatua ya 7: Maswali ya maneno, swali moja kwanza

Kabla ya kugusa kalamu, jiulize: jibu linapaswa kuwa dogo kuliko namba nilizopewa, au kubwa? Ukikata, ukigawa mafungu, ukitandika vigae, unashuka chini: ni KKS. Ukisubiri vitu vikutane, ukitafuta kitu ambacho vyote vinaingia ndani yake, unapanda juu: ni KDS. Usitafute maneno ya kukariri kama "kubwa zaidi" au "mapema zaidi". Watunga maswali wanayajua hayo maneno na wanayageuza.

Kamba mbili zina urefu wa sentimita 84 na 120. Zikatwe vipande vilivyo sawa, virefu iwezekanavyo, bila kubakiza. Kipande hakiwezi kuizidi kamba, tunashuka. KKS ni 12, kila kipande sentimita 12. Swali likiongeza "vipande vingapi?", ni 7 + 10 = 17. Wengi huishia kwenye 12 wakadhani wamemaliza. Soma mstari wa mwisho wa swali mara mbili.

Sakafu ya mita 6.3 kwa 4.5 itandikwe vigae vya mraba, vikubwa iwezekanavyo, bila kukata hata kimoja. Badili kwanza kuwa sentimita: 630 na 450. KKS ni 90. Vinaingia 7 upande mmoja na 5 upande wa pili, jumla 35.

Taa tatu zinawaka kila baada ya sekunde 12, 18 na 20. Saa 2:00 kamili zimewaka pamoja. Zitawaka pamoja tena lini? Tunasubiri, tunapanda. 12 ni 2 × 2 × 3, 18 ni 2 × 3 × 3, 20 ni 2 × 2 × 5, kwa hiyo KDS ni 2 × 2 × 3 × 3 × 5 = 180. Sekunde 180, dakika 3: saa 2:03. Na hadi saa 3:00 kamili zitakuwa zimewaka pamoja mara ngapi? Saa nzima ina dakika 60, ukigawa kwa 3 ni 20, na ile ya mwanzo kabisa inafanya 21. Hiyo moja ya mwanzo imewaponyoka watu wengi, nami nikiwemo.

Yale ya baki yanatisha kwa sura tu. "Namba gani ndogo, kubwa kuliko 9, ikigawanywa kwa 6, 8 na 9 inabakiza 5 kila mara?" Ondoa lile baki kichwani: unatafuta kinachogawanyika kwa zote tatu. KDS ni 72. Rudisha 5, unapata 77. (Hayo maneno "kubwa kuliko 9" si mapambo. Bila hayo, 5 yenyewe ingekuwa jibu.) Geuza sasa: "Namba gani kubwa inayogawanya 77 na 125 na kubakiza 5 kila mara?" Toa 5 kwanza: 72 na 120. KKS ni 24.

Halafu kuna lile la hila, ambalo baki hazilingani: ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3, kwa 5 inabakiza 4, kwa 6 inabakiza 5. Tazama vizuri. Kila mahali imepungukiwa 1 tu ili igawanyike. KDS ya 4, 5 na 6 ni 60, basi jibu ni 59.

Na hili: 360 izidishwe kwa namba gani ndogo ili iwe kipeo cha pili kamili? Rudi kwenye mvunjo wake: 2 tatu, 3 mbili, 5 moja. Katika kipeo cha pili kila tasa ina mwenzake. Ile 2 ya tatu imekosa mwenza, na 5 imekosa mwenza. Waletee: 2 × 5 = 10. Unapata 3,600, ambayo ni 60 × 60.

Ya kujipima

Fanya haya bila kikokotoo. Majibu yako chini yake.

(a) Je, 143 ni tasa? (b) KKS ya 96 na 144. (c) KDS ya 14, 21 na 30. (d) Vigawo vya 200 ni vingapi? (e) Gurudumu moja la mashine lina meno 12 na lingine 40. Meno mawili yaliyogusana mwanzo yatagusana tena baada ya gurudumu dogo kuzunguka mara ngapi? Na kama dogo lingekuwa na meno 13? (f) Milango 100 imefungwa. Mtu wa kwanza anaigusa yote na kuifungua. Wa pili anageuza kila mlango wa pili: uliofunguliwa anaufunga. Wa tatu anageuza kila mlango wa tatu, uliofungwa anaufungua, uliofunguliwa anaufunga. Hivyo hivyo hadi mtu wa 100. Milango ipi inabaki wazi?

Majibu: (a) Hapana, ni 11 × 13. (b) 48. (c) 210. (d) 12, kwa kuwa 200 ni 2 tatu na 5 mbili. (e) KDS ya 12 na 40 ni 120, mizunguko 10. Kwa 13 na 40 KDS ni 520, mizunguko 40. Ndiyo sababu waundaji wa mashine hupenda idadi za meno zisizo na kigawo cha pamoja, ili jino moja lisilile jino lile lile kila mara.

(f) Mlango unaguswa na mtu ambaye namba yake ni kigawo cha namba ya mlango. Mlango wa 60 unaguswa na watu 12, kwa hiyo unaishia kufungwa. Ili ubaki wazi lazima uguswe mara witiri, na tuliona kule kwenye jozi ni zipi zenye vigawo witiri: milango ya 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81 na 100.